Pikipiki ya kwanza na mabati ya mama

Maneno ya mwanachama mwenzetu katika mkutano mkuu wa chama, Baraka

 

Komite imeniomba niseme kidogo kuhusu mikopo ya pikipiki, kwa sababu barua za vijana zimekuwa nyingi kwenye meza ya sekretere. Wengi hapa mnanijua kama mtu wa shirika, yule anayefika vijijini na fomu na kalamu. Leo naomba niweke fomu pembeni. Nitasema kama mtu aliyekuwa kijana mwenye pikipiki moja, madeni mawili na akili nusu.

Nianzie kambini. Sisi tuliokulia Lugufu tunajua maana ya kilomita 4. Hapo ndipo mguu wa mkimbizi ulikuwa unaishia. Ukitaka kupita, uwe na karatasi ya ruhusa, la sivyo ukikamatwa ni shida. Pikipiki tulizoziona zilikuwa za wafanyakazi wa mashirika. Zilikuja asubuhi na vumbi lake, jioni zikaondoka na vumbi lake, na sisi watoto tulizikimbilia mpaka pumzi inakata. Wenzangu walipenda mlio na mwendo. Mimi nilikuwa natazama yule mtu juu yake: anatoka, anarudi, hakuna anayemwuliza. Nikasema moyoni, siku moja na mimi nitatoka hivyo.

Tulirudi mwaka 2008, kwa meli, kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka. Mama, wadogo zangu wawili na mimi. Baba tulimwacha kwenye udongo wa Tanzania. Tulijenga nyumba ya matofali mabichi, juu tukatandika shitingi. Wote mnaijua ile shitingi: mchana ni tanuri, usiku wa mvua ni ngoma. Mama akaanza kuuza ndagala sokoni. Kila akipata faida kidogo, ananunua bati moja, analisukuma chini ya kitanda. Miaka miwili hivyo. Yakafika mabati 24, yanatosha nyumba nzima.

Mimi ile wakati nilikuwa na miaka 20. Nilikuwa nimemaliza shule, kazi hakuna, nasukuma baiskeli ya kukodi na magunia ya muhogo. Mtu mmoja anayehamia Uvira akatangaza pikipiki yake, si mpya, dolari 650. Nilikuwa na dolari 210 za likelemba. Mjomba akanikopesha 200. Zikabaki 240. Nilizunguka wiki nzima, watu wakaniambia pole, wengine wakaniambia rudi mwezi ujao.

Siku moja nimerudi nyumbani, nakuta mabati yote 24 yametolewa nje, yameegemezwa ukutani, na mnunuzi anahesabu. Dolari 10 kila moja. Mama alichukua daftari la shule la mdogo wangu, akaandika ukurasa wa mwisho: mabati 24. Akaniambia hivi, kwa maneno yake mwenyewe: "Mutoto yangu, sikupe pikipiki. Nakukopesha kichwa cha nyumba. Ukikawia, mvua itanihesabia siku."

Ilikuwa nyekundu, na kioo kimoja. Kiti chake kilikuwa kimeshonwa kwa kamba ya wavuvi. Asubuhi, kama kuna baridi, unapiga kiki mara 15 ndipo inaitika. Rafiki yangu alinifundisha kwenye uwanja wa mpira, alasiri moja tu. Jua lilipozama nilijiona tayari ni motari. Perimi sina, plake sina, kofia ya kaske sina hata ya kuazima.

Siku ya kwanza sikubeba mteja. Nilishika barabara ya kwenda Fizi, macho yangu kwenye kile kisaa cha kilomita. Ilipofika ya nne nikapunguza mwendo, nikasimama, nikatazama nyuma. Hakuna mtu. Hakuna anayeomba karatasi. Nikaendelea. Nililia kidogo, na sioni haya kulisema mbele ya wazee. Baadaye nilijifunza kwamba na huku kwetu kuna barieri, na kila barieri ina mdomo wake. Lakini ile siku barabara ilikuwa yangu.

Mteja wa kwanza alinipa noti ya franka 500. Mama aliibandika kwenye lile daftari, hakutaka itumike.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta mbele yenu.

Mwezi wa saba, taa ya mbele ikafa. Ampuli imeungua, basi. Fundi akaniambia ninunue nyingine. Nikamwambia wiki ijayo. Kwa nini wiki ijayo? Kwa sababu nilikuwa nakusanya pesa ya mabati matano ya kwanza. Nilitaka nifike nyumbani nayo kichwani, majirani waone. Mjomba naye alikuwa ananitumia ujumbe kila Jumamosi. Deni linasukuma, ndugu zangu. Mtu mwenye deni anakubali safari ambayo mtu mwenye akili anaikataa.

Ilikuwa siku ya soko, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Giza limeshaingia. Nikabeba watu wawili na gunia la makaa, tochi ya simu nimeifunga kwa mpira kwenye usukani. Kwenye mteremko kabla ya daraja kulikuwa na shimo limejaa maji. Mimi niliona maji tu, shimo sikuliona. Tukaanguka wote. Mimi nilichubuka kiwiko. Kijana wa katikati hakuumia. Mzee wa nyuma, baba wa watoto watano, mguu wake ulivunjika chini ya gunia.

Nitawaambia kitu ambacho hata mama nilimficha miaka mingi. Niliinua pikipiki kwanza. Nikapiga kiki, ikawaka. Nilikaa juu yake, mguu mmoja chini, na kichwa changu kilikuwa kimeshaondoka. Yule mzee, pale chini kwenye tope, akaniambia pole pole: "Motari, pikipiki yako haina plake. Lakini sura yako nimeiona. Weye ni mutoto wa mama wa ndagala."

Nikazima. Sijui mpaka leo kama nilibaki kwa utu ama kwa sababu alinijua. Nimeacha kujiuliza. Nilibaki, na kijana yule mwingine akakimbia kutafuta watu wa kutusaidia kumbeba.

Matibabu na chakula cha familia yake kwa ule msimu ambao hakuweza kulima, jumla ilikuja dolari 180. Mimi nilikuwa na 35. Wazee wa pande zote mbili wakakaa. Wengine walisema pikipiki iuzwe palepale, na hawakukosea, walikuwa na hasira ya haki. Ndipo mama mmoja akasimama. Alikuwa wa kile kikundi cha kina mama waliorudi katika meli moja na sisi, waliokuwa wanachanga kila Jumapili. Wengi wenu mlikuwa ndani yake kabla kiwe chama chenye muhuri na daftari la benki. Akasema: "Mukiuza pikipiki, mugonjwa atakula mara moja. Ikitembea, atakula kila juma."

Kikundi kilitoa dolari 100. Mimi nikaweka zangu 35. Mjomba akaongeza 45 na kununa. Nikaanza kurudisha dolari 3 kila juma kwa kikundi, na kila Jumamosi nikawa nabeba unga na mboga mpaka kwa yule mzee. Mara ya kwanza hakuniangalia usoni. Mara ya sita aliniambia nikae. Mzee yule anachechemea mpaka leo. Ni mwanachama wetu, na ameniruhusu niyaseme haya. Jina lake linabaki lake.

Mabati ya mama yalirudi baada ya miaka 3 na miezi 2. Nilikuwa nimeahidi mwaka mmoja. Misimu ile yote ya mvua, mama na wadogo zangu walilala chini ya shitingi inayovuja, wakipanga sufuria na ndoo sakafuni, na mimi nasikia matone yanavyolia. Hakunikumbusha hata mara moja. Alikuwa anafungua tu daftari, anafuta 24, anaandika 19. Anafuta 19, anaandika 15. Siku fundi alipopigilia bati la mwisho, alichana ule ukurasa akaupitisha kwenye moto wa jiko. Ile noti ya 500 aliibakiza.

Mwaka uliofuata niliuza pikipiki, nikalipa karo ya mwanzo ya chuo kikuu. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikasema pikipiki ni mbaya. Imenipa kisomo na kazi. Humu ndani kuna mama aliyejifungua salama kwa sababu motari alikubali kutoka usiku. Kuna vijiji vyetu ambavyo gari halifiki, dawa ya watoto inafika juu ya magurudumu mawili. Vijana walioandika barua wana haki ya kupewa. Ninachoomba ni tusiwape kama mimi nilivyojipa.

Kwa hiyo ninaweka mbele ya mkutano mambo manne.

La kwanza: hakuna kijana anayepokea ufunguo kabla ya kujifunza wiki tatu kwa motari mzoefu wa chama, mchana na usiku, akiwa na mzigo na akiwa bila mzigo, halafu atafute perimi yake. Alasiri moja kwenye uwanja wa mpira haitoshi.

La pili: mkopo uhesabiwe pamoja na kaske mbili, ya motari na ya mteja, pamoja na plake na taa nzima. Tukisema "atanunua mwenyewe baadaye," tunajua baadaye ya mtu mwenye deni ni lini.

La tatu: tuwe na kisanduku cha ajali. Kila motari wa chama aweke franka 1,000 kwa juma. Pesa ile isiguswe kwa harusi wala kwa matanga, iwe ya aliyeumia tu. Sisi tulichanga baada ya mtu kulala kwenye tope. Safari hii tuchange kabla.

La nne ndilo gumu, na hapa nawaangalia wafadhili wetu kwa heshima. Naomba malipo ya mkopo yawe ya majuma matatu kwa mwezi. Juma la nne liwe la fundi: oili, breki, pine, mnyororo, taa. Kijana alete kwa komite karatasi ya fundi badala ya pesa. Najua maana yake. Pesa yenu itachelewa kurudi kwenye mfuko, na kijana wa pili atasubiri zaidi. Mimi ndiye ninayejaza ripoti kazini, ninajua ile safu inayouliza "pikipiki ngapi zimetolewa." Tafadhali ongezeni safu nyingine: baada ya miaka miwili, ngapi bado zinatembea, na wangapi waliopanda bado wana miguu yao. Hiyo ndiyo hesabu ambayo sisi huku tunaishi nayo.

Na ninyi vijana, neno moja. Nyuma ya kila pikipiki kuna mabati ya mtu. Labda ni mama yako, labda ni hawa kina mama wanaochanga, labda ni mtu wa mbali asiyekujua. Usiku ukiona mteja wa tatu anakuja na gunia, na taa yako imekufa, mwambie hapana. Atakutukana kidogo, kesho atasahau.

Mama yangu ameketi pale, kiti cha pili. Asubuhi aliniuliza, "Utasema nini leo?" Nikamwambia, nitasema habari ya mabati yako. Akatikisa kichwa. "Mabati ilisharudi," akasema. "Waambie bei ya ile ampuli."

Basi, ile ampuli ilikuwa franka 1,500.