Shilingi Mlango, Eskudo Chapati



Darasani Msimbati mama mmoja alifungua pindo la khanga akatoa sarafu mbili: shilingi yetu ya 1966, na eskudo ya Mreno aliyovuka nayo Ruvuma. Eskudo haina kazi dukani tangu 1980, Msumbiji ilipoanza metikali, lakini ilikuwa ya marehemu mumewe. Wajukuu walimwambia ni ya bandia, eti ukiigeuza ngao inasimama kichwa chini. Alikuwa karibu kuitupa.

Hebu jaribuni. Ishikeni shilingi, kidole kimoja juu ya kichwa cha Mwalimu, gumba chini. Izungusheni kama mlango. Mwenge umesimama, siyo? Sasa ipindueni kama chapati, juu kuja chini. Mwenge umeanguka! Eskudo ni kinyume: kwa chapati inasimama, kwa mlango inaanguka. Ndivyo mafundi wa Mreno walivyopanga mihuri yao. Hata sarafu za Marekani ni za chapati. Za Uingereza ni za mlango, kama yetu.

Bibi aliigeuza mara nne, kimya. Akaifunga pindoni.

"Mwalimu, na mia mbili ya Karume je, simba wanasimama?"

Tukaanza kupekua mifuko.