Machozi ya Mamba na Machozi ya Msibani
(Mazungumzo na kamati za parokia, Kewanja)



Sisi wa Kewanja hatuko mbali na Mto Mara, kwa hiyo mamba hatuhitaji kuelezwa. Mtu akijifanya kuhuzunika tunasema analia machozi ya mamba, na Waingereza wana msemo huo huo. Unatokana na imani ya kale ya Ulaya kwamba mamba humlilia mtu huku akimla. Kitabu cha safari za John Mandeville, cha karne ya 14, kilisaidia kuieneza kwa Waingereza.

Je, ni kweli? Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walieleza kwamba jamaa za mamba waliowachunguza huko Florida, wengi wao walitokwa na machozi wakati wa kula. Machozi yapo, huruma ndiyo haipo.

Hapo ndipo msemo unapotugusa. Msibani sote tunalia. Lakini matanga yakiisha, mara ngapi tumeona waliolia kwa sauti kubwa wakigawana ng'ombe na shamba, na mjane akiambiwa arudi kwao? Nasi wanakamati tulikwisha kutoa rambirambi, tukanyamaza.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Basi tunaomba kila kamati iwatembelee wajane wake baada ya matanga, na ikibidi iwasindikize hadi Baraza la Ardhi la Kijiji. Machozi yetu yapimwe hapo.