HESHIMA YA WALIOKUFA VITANI
(Maneno ya Karani wa Chama katika Mkutano wa Mwaka)



Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walishambulia kilima cha Salaita, karibu na Taveta, kilichoshikwa na jeshi la Wajerumani. Walishindwa, wakarudi nyuma, na waliowakinga ni askari wa Kihindi wa kikosi cha Baluchi. Ndivyo vita vile vya 1914–1918 vilivyowaleta kwetu wana wa mataifa mengi. Makaburi ya Waingereza na ya watu wa Afrika Kusini yako Taveta na Voi hata leo, yamechorwa majina. Hatuyaonei kijicho. Mgeni aliyefia kwetu amekuwa wetu, na kulitunza kaburi lake ni wajibu.

Lakini ni nani waliowabebea chakula na risasi? Ni wapagazi wetu, watu wa Kariakoo. Walikufa maelfu kwa maelfu, wengi kwa maradhi, wala hawakuandikwa jiweni. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba hao, na Wahindi wengi pia, hawakupewa heshima sawa na wenzao.

Kukiri ni kwema, ila hakurudishi jina lililopotea. Kwa hiyo twawaomba, wazee wetu: kila aliyesikia kwa baba au babu yake jina la mtu aliyekwenda asirudi, na atuletee, tuliandike katika daftari la Chama. Asiye na kaburi, na awe na jina.