BREKI KWANZA, RANGI BAADAYE

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa machimbo na wakaaji wa Goma)



Leo hatukuja na maneno makubwa. Tumekuja kusema habari ya chukudu. Wengi wetu tunakula kwa sababu yake: kabichi, viazi na makala vimeshuka nayo kutoka Kibumba mpaka sokoni Goma. Mwaka 2009 ilisimamishiwa sanamu hapa mjini. Heshima hiyo ni ya haki, maana ni mafundi wetu wenyewe wanaoichonga kwa mti wa mikaratusi, na kuvika magurudumu yake mpira wa pine kuukuu.

Lakini sanamu haishuki mlima. Anayeshuka ni kijana mwenye mzigo wa kilo mia kadhaa, na chini ya mteremko wamo mama wauzaji na watoto watokao shule.

Breki ya chukudu ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Kikilowa, huteleza. Kikiisha, mguu unakanyaga bure. Basi tukiangalie asubuhi kabla ya kupakia. Na tushike hesabu hii, maana sisi makarani ni watu wa hesabu: mzigo ukizidi mara 2, kazi ya breki huzidi mara 2, lakini mwendo ukizidi mara 2, kazi ya breki huzidi mara 4. Anayeanza polepole huko juu ndiye atakayeweza kusimama chini.

Tena, mbao huvimba wakati wa mvua na hunywea wakati wa jua. Kwa hiyo nati iliyokazwa masika hulegea kiangazi. Ikazwe tena, na chini yake tuweke kipande kipana cha bati, isizame ndani ya mbao. Tugonge mti kwa nyundo ndogo: mti mzima hulia vizuri, wenye ufa hutoa sauti ya mtu mwenye mafua. Na mpira wa magurudumu tuukague mara kwa mara, maana mawe ya Nyiragongo, yaliyomwagika mpaka katikati ya mji mwaka 2002, ni makali.

Sasa neno gumu. Kijana anayekodi chukudu anaogopa kusimama hata siku moja, kwa kuwa jioni mwenye chombo anadai franga zake. Anashuka na breki mbovu, naye si mjinga, ni mdeni. Tunashauri wapatane mbele ya mashahidi kabla ya safari ya kwanza: mpira na nati ni juu ya mwenye chombo, na siku ya matengenezo haihesabiwi deni. Waandike katika daftari tarehe, kitu kilichobadilishwa na bei yake. Asiyejua kuandika na aje kwetu; kalamu yetu haitozi kitu.

Wandugu wa machimbo, sheria ni hiyohiyo kwa kamba, ngazi na toroli. Kifaa kibovu kikataliwe asubuhi, na wote pamoja, ili asionekane mmoja kuwa mkaidi.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi tunaongeza: ukuta hujengwa tena, kijana aliyeanguka hajengwi.