Taa ya Injini Inapowaka Meru

Mwenye BMW au Mercedes mjini Meru akitaka karakana iliyoidhinishwa na kampuni, kwa kawaida hushuka Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kupitia Embu. Ndiyo maana wengi humwita fundi wa umeme wa gari wa mtaani, na mara nyingi hawakosei.

Chini ya usukani mna tundu la pini 16. Kifaa kidogo kikichomekwa hapo, simu husoma misimbo ya hitilafu. P0301, kwa mfano, huonyesha kuwa silinda ya 1 haichomi mafuta sawasawa. Huenda ni plagi au koili tu, lakini fundi makini hupima kwanza kabla ya kumtuma mteja kununua kipuri.

Betri ndiyo huwaponza wengi. BMW nyingi hutaka betri mpya isajiliwe kwenye kompyuta ya gari. Isiposajiliwa, gari huichaji kana kwamba ni ile kuukuu, nayo hufa mapema.

Nyaya za manjano za mifuko ya hewa, na zile za rangi ya chungwa kwenye Lexus za haibridi zinazobeba mamia ya volti, zisiguswe kabisa na asiyesomea kazi hiyo. Hapo gari libebwe juu ya lori hadi Nairobi, hata kama gharama inauma.