Kiingereza cha Fundi wa Ngoma

Juma lililopita nilikuwa kwa shemeji yangu tukitazama televisheni, ikaja filamu ya utengenezaji wa ngoma. Nikavuta kiti karibu.

Walianza na mafundi wa Mpambire, wilayani Mpigi, kule Uganda. Aliyepata kusafiri kwa basi kutoka Kampala kwenda Masaka atakuwa ameziona ngoma zao zimepangwa kando ya barabara. Mzee mmoja alieleza kazi hatua kwa hatua. Gogo linachongwa liwe pana juu na jembamba chini, kisha linachimbwa ndani. Ngozi ya ng'ombe inalowekwa mpaka ilainike, inafunikwa juu na chini, na kamba za ngozi zinapitishwa huku na huku na kuvutwa kwa nguvu. Ikikauka inajikaza yenyewe. Ukifanya haraka, ukavuta ngozi ambayo haijalainika, inachanika na kazi ya siku nzima imekwenda bure. Yote hayo aliyasema kwa Kiingereza, tena cha kueleweka kabisa.

Lakini chini ya picha yakawa yanapita maandishi. Ya lugha gani? Ya Kiingereza! Kiingereza kinafasiriwa kwa Kiingereza. Nikanyamaza, mpaka walipotupeleka Ireland ya Kaskazini, kwa fundi wa ngoma iitwayo Lambeg. Hiyo ni ngoma kubwa ya ngozi za mbuzi. Mtu huibeba kifuani na kuipiga pande zote mbili kwa fimbo za henzerani. Bwana yule naye alisema Kiingereza cha kwao. Nawaambieni kweli, katika maneno matano nilishika moja. Maandishi? Hakuna.

Nikauliza kulikoni. Shemeji, ambaye ni mwalimu wa sekondari, akanijibu, "Yule ni mwenye lugha, bwana."

Hapo ndipo tulipobishana. Mwenye lugha ni nani? Mwaka 1941 redio ya BBC ilimpa Wilfred Pickles, mzaliwa wa Halifax katika jimbo la Yorkshire, kazi ya kusoma habari za taifa. Alikuwa Mwingereza halisi, lakini alitamka kama watu wa kwao kaskazini, na usiku aliaga kwa "good neet". Wasikilizaji wakalalamika, wako waliosema habari zikisomwa kwa matamshi yale haziaminiki. Na vita vilikuwa vimepamba moto!

Sisi wenyewe je? Mtu wa Mombasa akikwambia "ndoo" anakuita uende kwake. Wa Dar es Salaam ataanza kutafuta bomba la maji. Tunacheka, tunaelewana, na hakuna anayemwandikia mwenzake maneno chini ya kidevu.

Nisingalileta habari hii redioni kama si binti wa shemeji, aliyekuwa ameketi nasi kimya. Amemaliza chuo. Hivi karibuni alikwenda kwenye usaili wa kazi ya mapokezi katika kampuni moja. Maswali yote aliyajibu. Akaambiwa vyeti ni safi, ila Kiingereza chake "kina mkoa ndani yake". Kazi akapewa mwingine. Tangu siku hiyo anajifungia chumbani akiwaiga watangazaji wa ng'ambo, na mama yake anasema hata Kiswahili sasa anakipitishia puani.

Basi binti huyo akamgeukia baba yake. "Baba, mbona yule mzee ameandikiwa? Mimi nimemsikia kila neno."

Shemeji hakujibu. Alipunguza sauti ya televisheni, akaomba chai. Filamu ilikuwa imerudi Mpambire; mzee alikuwa akiigonga ngoma kwa kiganja, akitega sikio, akatikisa kichwa, kisha akairudisha juani.

Binti ana usaili mwingine Jumatano. Nitawapasha habari. Hadi juma lijalo, kwaherini.