Mbwa Akiharisha, Tuangalie Pia Ghala

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Mukumu)

Leo tunataka tuongee juu ya mbwa. Tunaona wengine wameanza kucheka! Lakini boma nyingi hapa kwetu zina mbwa, na ndiye anayelinda kuku na mahindi usiku. Akiugua tumbo husemwa, "Ah, ni mbwa tu." Sisi tunasema hivi: tumbo la mbwa linaweza kuwa na habari ya kumwambia mwenye nyumba.

Mbwa wetu anakula nini? Ugali uliobaki, omena, matumbo mabichi kutoka buchari, mifupa, na mengine anajiokotea njiani. Kwa hivyo kuharisha si ajabu. Mara nyingi ni chakula kilichoharibika au minyoo. Mbwa mkubwa akiharisha lakini bado ana nguvu, tufanye hivi:

1. Apumzishwe chakula nusu siku, isizidi siku moja. Mtoto wa mbwa asinyimwe chakula, kwa maana yeye huishiwa nguvu upesi.

2. Maji safi yawepo kila wakati. Anaweza kupewa yale maji tunayowapa watoto: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Apewe kidogo kidogo.

3. Kisha apikiwe wali laini. Kama kuna yai au nyama ya kuku isiyo na mafuta wala mifupa, ichemshwe na kuchanganywa humo. Tusitie chumvi, mafuta wala kitunguu. Apewe kidogo, mara 3 au 4 kwa siku. Choo kikishika, baada ya siku 2 au 3, turudishe ugali pole pole.

Maziwa, matumbo mabichi na mifupa tuviweke kando. Dawa za maumivu za watu pia tusimpe, zinaweza kumwua.

Lakini akitoa damu, akitapika bila kukoma, macho yakigeuka manjano, au akiwa ni mtoto wa mbwa, tusingoje kesho. Tumwite daktari wa mifugo.

Tena sikieni hili vizuri. Mbwa anayedondosha mate na kushindwa kumeza, tusimtie mkono mdomoni tukidhani amekwamwa na mfupa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Aliyeumwa, au aliyelambwa kwenye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Na mbwa wote wachanjwe kila mwaka.

Sasa tuje kwenye ghala. Mahindi yetu ya mvua ndefu tunavuna mnamo Agosti, na hapa Kakamega mvua bado inanyesha. Mahindi yakiingia ghalani na unyevu yanaota ukungu. Tunachagua, mazuri tunasaga yetu, na yaliyooza tunasema, "Hayo mpikie mbwa." Hapo ndipo tunapokosea. Ukungu mwingine hutoa sumu iitwayo aflatoksini, nayo huharibu ini. Kupika hakuiondoi, wala kutengeneza pombe hakuiondoi.

Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos, njiwa walikufa kwanza, wakafuata mbwa, halafu watu. Wagonjwa 20 walilazwa hospitalini na 12 wakafa. Mwaka 2004 sumu hiyo ilirudi huko Ukambani. Watu 317 waliugua na 125 wakafa. Dalili ya mvua ni mawingu. Mbwa aliyekataa chakula, anayetapika na kuharisha, macho manjano, na alikuwa akila ugali wa mahindi mabaya, ni wingu hilo. Mwenye nyumba aende akafungue magunia yake mwenyewe, maana mahindi ni ya shamba moja.

Vikundi vifanye nini? Tuanike mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, na magunia yakae juu ya mbao. Kupima ukavu ni rahisi: chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, funga, tikisa, ngoja dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, rudisha juani. Yaliyooza yafukiwe. Tusimpe mbwa, wala kuku, wala ng'ombe, kwa sababu sumu hupita mpaka kwenye maziwa tunayowanywesha watoto.

Kila kikundi kiweke chupa moja na turubai moja za kuazimana kabla ya mavuno. Gharama yake si kubwa. Na jioni ya leo, ukimwekea mbwa chakula, tazama unamwekea nini. Kile usichoweza kumpa mtoto wako kwa sababu kimeota ukungu, mbwa naye usimpe.

Sasa tuulize maswali.